Gurami wa Buluu

"Huyo wa buluu mwache."

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa limefurika Jumamosi ile, watoto wanagonga vioo, wazazi wanawafokea. Dada wa gauni la kijani aligeuka akamkuta mwanaume mrefu amesimama nyuma yake, ovaroli imejaa grisi mpaka viwikoni, mkononi kopo la chakula cha samaki.

"Samahani, kaka. Kuna aliyekuuliza?"

"Hakuna. Ila kwenye mfuko wako wa maji naona dume jekundu la gurami kibete. Mtie na huyu wa buluu tangi moja, wiki haiishi utakuwa huna kibete."

"Si wote ni gurami? Ndugu hao."

"Kwani wewe huna ndugu usiyeweza kulala naye chumba kimoja?"

Alitaka kununa, kicheko kikamponyoka.

Basi yule mwanaume akamweleza. Gurami wote hupanda juu ya maji kuvuta hewa, lakini kila dume hujichagulia kona na kuilinda. Wa buluu ni mkubwa na mkorofi. Gurami lulu, mwenye madoa meupe mwili mzima, ni mkubwa pia lakini mpole. "Chukua lulu wawili, dume na jike. Weka na majani yanayoelea, kila mmoja apate pa kujificha. Watakaa."

Dada alikuwa mpokeaji wagonjwa katika kliniki ya meno ya mjomba wake. Tangi lilikuwa la chumba cha kusubiri, ili watu watazame samaki wasisikilize mashine ya kutobolea meno. Mwanaume alikuwa fundi wa lifti. Kabla hawajafika mlangoni, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Miezi minne ikapita kama mchezo. Simu haikukauka.

"Bi Mapokezi, jino langu linauma."

"Lipi?"

"Sijui. Likisikia sauti yako linatulia."

"Mwongo mkubwa wewe! Wala hujala, nasikia tumbo lako likinguruma."

Kila Jumatano mchana fundi alikuja kuosha kichujio cha tangi. Wagonjwa wakamzoea. Hata mjomba, mtu wa maneno machache, alianza kumwitikia salamu kwa tabasamu.

Jumatano moja dada alitumwa maabara kuchukua meno ya bandia. Aliporudi saa tisa, fundi alikuwa ameshaondoka. Ndani ya tangi akaona kitu kilichomkata maini: gurami wa buluu, mpana kama kiganja, anazunguka kama mwenye nyumba. Kibete alikuwa amejibana nyuma ya kichujio, mapezi yamechanika, amelala ubavu, anahema. Kabla ya kufunga kliniki akawa amekufa.

Nani mwingine hutia mkono kwenye tangi lile? Alipiga simu mara mbili, haikupokelewa. Ya tatu ikapokelewa.

"Umenifanyia nini wewe?"

"Mimi?" Sauti ilikuwa baridi. "Jiulize mwenyewe."

"Samaki wangu amekufa!"

"Nilikwambia tangu siku ya kwanza. Lakini wewe husikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini."

"Basi tusijuane." Akakata.

Siku tisa. Fundi hakupiga, dada hakupiga. Kazini aliandika majina ya wagonjwa akayakosea, na Jumatano alijikuta akitazama mlango mchana kutwa. Wa buluu alibaki tangini; lulu, kwa ukubwa wao, hakuwagusa.

Ijumaa asubuhi mjomba alitoka na kikombe cha chai, akasimama mbele ya tangi. "Huyu wa buluu anapendeza, eh? Amefanana na viti."

Kalamu ikamdondoka dada. "Mjomba... ni wewe?"

"Nilitaka kukushtukiza. Nilimtia siku ile ulipokwenda maabara, fundi wako hajafika. Mbona umegeuka rangi?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Dume la lulu lilikuwa limejenga kiota cha mapovu chini ya majani, na sasa wa buluu alikuwa anamgonga ubavuni, tena na tena, magamba yanapukutika. Dada akashika simu.

"Usikate, tafadhali. Ni mjomba aliyemtia wa buluu. Sasa samaki huyo anamuua lulu. Njoo."

Upande wa pili zilisikika nyaya na vyuma. "Niko juu ya lifti, ghorofa ya kumi na mbili. Nakuja."

Alifika anatweta, jasho linamtiririka. Bila salamu akapandisha mikono ya ovaroli. Wakaondoa majani, mmoja akaingiza wavu kushoto, mwingine kulia, wagonjwa wote wamesimama. Mara ya tatu wakambana pembeni, wakamtia kwenye ndoo na kuifunika. Lulu akapanda juu, akavuta hewa.

"Nilidhani umemnunua wewe, ukanidharau," fundi alisema.

"Nami nilidhani umemtia wewe ili unikomoe." Dada alifuta mikono, kisha akasita. "Subiri. Siku ile ulimkuta humu. Kibete alikuwa hai?"

Fundi alitazama sakafu. "Alikuwa hai. Alikuwa anafukuzwa."

"Ukaondoka."

"Nilisimama hapa dakika kumi. Nikasema moyoni, acha ajionee mwenyewe. Nilitaka niwe mshindi."

Fundi aliinama kuchukua ndoo aende zake, na dada akaona kwamba akimwacha afike mlangoni, hatarudi.

"Iweke chini," alisema. "Mimi nilihukumu bila kuuliza, hilo ni kosa langu. Lakini lako linaniogopesha. Kesho tukiwa na jambo kubwa kuliko samaki, ukaliona linaharibika, utanyamaza ili ushinde?"

"Sina la kujitetea."

"Sitaki ujitetee. Ukiona kitu changu kinaharibika, sema. Hata siku tukiwa hatuongei, sema."

"Nitasema."

"Apa."

"Haki ya Mungu." Akavua kofia, akaipindapinda mikononi. "Basi kuna kitu chako kinaharibika sasa hivi."

"Kipi tena?"

"Mimi. Siku tisa sili nikashiba, silali nikaamka na nguvu. Kubali nikuoe."

Bibi mmoja kwenye benchi, shavu limekufa ganzi kwa sindano, alijaribu kupiga kigelegele kikatoka upepo mtupu. Watu wakaangua kicheko. Dada hakucheka. Aliushika mkono wa fundi, ukiwa bado unachuruzika maji, akaukaza.

"Mimi nimekubali. Mwulize mjomba, yule pale mlangoni."

Mjomba alivua glavu moja polepole, akaitazama ile ndoo. "Na mimi," alisema, "nitapata wapi uso wa kukataa?"