Mistari Saba kwenye Maji

Kitundu cha mwisho kilikuwa cha maji matupu, na maji matupu hayachori mistari.

Hilo kila mtu pale maabara alilijua. Sahani ina vitundu tisini na sita: tisini na vinne vya damu ya wagonjwa wa malaria, kimoja cha mtu asiyeumwa, kimoja cha maji, ili uchafu ukiingia uonekane. Mashine inasoma vinasaba vya vimelea na kuchora mistari kwenye kompyuta. Kila mgonjwa na mistari yake, maana vimelea havifanani, na kutofautiana huko ndiko walikokuwa wanakuchunguza. Leo maji yamechora mistari saba, na hakuna mgonjwa hata mmoja mwenye mistari kama ile.

"Umepiga chafya humo, mama kichanga," mkuu wa maabara akamtania dada aliyeipanga sahani. "Rudia."

Akarudia. Maji mapya, glavu mpya, mistari saba ileile. Alipofungua friji ya sampuli akasikia ndani kitu kinanyonya, taratibu, kama mtoto kwenye titi, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikampiga usoni. Akafunga. Hata hakushtuka. Nyumbani mwanawe wa miezi minane alikuwa na homa siku ya nne, zahanati wamempima mara mbili, hana malaria, hana kitu, na woga wote ulikuwa umeshaishia huko.

Mchana akakimbia nyumbani, akamchoma kisigino, tone moja kwenye karatasi, akarudi nalo mashineni.

Mistari saba.

Mama mkwe ndiye aliyemleta mganga, mama mnene mwenye miwani, aliyemnusa mtoto utosini kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Damu ya huyu imewahi kwenda wapi?"

"Haijaenda popote."

"Mwanangu, usinifiche. Kilichomo humu kinasema kilikaribishwa."

Ndipo yakamtoka yote kwa mkupuo, kwamba miezi mitatu nyuma damu ya mtu asiyeumwa ilikwisha na mkuu anataka majibu siku ileile, naye akawaza mbona mwanangu hajawahi kuumwa tangu azaliwe, akamchoma, matone mawili tu jamani, kwenye karatasi, akayaandika namba bila jina kwa sababu hakuomba ruhusa kwa mtu, na tangu hapo kila sahani anamweka mwanawe pale, pembeni ya homa za watu tisini na wanne, na baada yake maji.

"Mjukuu wangu umemfanya kipimo?" mama mkwe akanong'ona.

"Damu isiyo na jina ni nyumba safi, haina mtu, mlango wazi," mganga akasema. "Jini gani atapita asiingie?"

Karatasi ile ya matone ya zamani ikaletwa kutoka maabara, ikaandikwa jina la mtoto, ikachomwa kwenye sufuria. Mtoto akatoa mguno mmoja mzito, wa mtu mzima, akalala. Majivu hayajapoa, homa imeshuka.

"Nimemtoa. Sijamuua," mganga akasema akifunga mkoba. "Ukimwona mahali, usimtaje kwa mtu. Akitajwa, anarudi mlango aliozoea."

Jumatatu akapanga sahani upya, na tone jipya la mwanawe, kuhakikisha amepona. Maji: hakuna mstari. Mtoto: hakuna mstari. Akashika meza, akashusha pumzi, akapandisha macho kwa wagonjwa, wa kwanza saba, wa pili saba, wa kumi saba, akateremka orodha nzima ya watu ambao wiki iliyopita hakuna wawili waliofanana, na wote tisini na wanne walikuwa na mistari saba ileile, na ndani ya friji kunyonya kulikuwa kumeanza tena, safari hii kwa midomo mingi.

Simu ikaita. Mama mkwe. Nyuma yake mtoto anacheka, kijiko kinagonga bakuli.

"Msikie mwenyewe! Amemaliza uji wote."

Mkuu akachungulia mlangoni.

"Vipi leo, mama kichanga? Hamna kitu cha ajabu?"

Alimtazama. Mtoto bado anacheka sikioni.

"Hamna," akasema, akaanza kupanga sahani ya kesho.