Nati Moja Imebaki

Nyuma ya nyumba ya akina Nakaji kulikuwa na banda la mabati. Ndani ya banda kulikuwa na gari.

Yaani, lilikuwa karibu kuwa gari. Lilikuwa na milango, lakini milango ilikuwa imeegemea ukuta. Lilikuwa na taa, lakini taa zilikuwa kabatini, pamoja na vikombe.

Gari lilikuwa la Bibi. Bibi alikuwa mkunga. Miaka mingi alipanda na kushuka milima ya Usangi kwa gari hilo, akiwahi watoto wanaozaliwa. Nusu ya watu wa Usangi, mtu wa kwanza kuwaona alikuwa Bibi.

Kisha gari likachoka. Magoti ya Bibi nayo yakachoka. Gari likaingia bandani, Bibi akakaa barazani.

Mama akasema gari atalitengeneza. Kuhusu magoti, akasema atafikiri.

Asubuhi Mama alifundisha hesabu shuleni. Mchana alivaa ovaroli la bluu na kuingia chini ya gari. Viatu tu ndivyo vilivyoonekana. Nakaji alizoea kuzungumza na viatu.

Nakaji alikuwa na miaka minne, na alikuwa na kazi. Alitunza nati.

Mama alifungua nati. Kwicha, kwicha, kwicha.

Bibi aliisugua kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa. Chwa, chwa, chwa. Aliikemea kidogo, kama mtoto asiyependa kuoga.

Nakaji aliitia kwenye kopo. Kling.

Makopo yalikuwa mengi. Nakaji hakujua kuandika, kwa hiyo alichora. Kopo la nati za taa alilichora jicho. Kopo la milango alilichora sikio. Kopo la breki alilichora mguu, na kopo la injini alilichora moyo mkubwa mwekundu.

Kwicha, kwicha. Chwa, chwa. Kling.

Mwaka mmoja ukapita. Kisha mwingine. Nakaji akafika miaka sita na meno mawili yakamng'oka. Gari nalo likaanza kurudishiwa meno yake, yaani nati.

Kopo la jicho likaisha. Taa zikatoka kabatini, na vikombe vikapata nafasi.

Kopo la sikio likaisha. Milango ikaondoka ukutani.

Kopo la mguu likaisha. Kopo la moyo likaisha pia.

Sasa Mama akawa amefikiri kuhusu magoti. Alikwenda kwa kinyozi na kumwomba kiti chake cha zamani. Hakutaka kiti chote. Alitaka mguu wake tu, ule unaozunguka.

Kiti cha mbele cha gari kikakaa juu. Mguu wa kiti cha kinyozi ukakaa chini. Kwiii, kiti kikageukia mlangoni. Kwiii, kiti kikageukia mbele. Mtu mwenye magoti yaliyochoka angekaa tu, na kiti kingemwingiza ndani.

Bibi alikitazama kiti chake kwa muda mrefu. Akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Lakini hakukaa.

"Sijawahi kupanda gari lisilo na stika ya ukaguzi," akasema. "Sitaanza leo."

Stika hutolewa na Mkaguzi. Na Mkaguzi alifika Usangi mara moja tu kwa mwezi, siku ya Alhamisi. Kwa bahati nzuri, Alhamisi ilikuwa kesho.

Na Jumamosi ilikuwa siku kubwa. Bibi Nambua, dada yake Bibi, aliyeishi Ugweno, alikuwa anatimiza miaka themanini. Bibi alishasema atakwenda kwa gari lake. Kama si kwa gari lake, atatuma salamu.

Jumatano jioni Mama akawasha injini. Ngru. Ngru-ngru. Ngru-ngru-ngru... vrrrrrrr.

Mama akacheka peke yake. Bibi akapiga kigelegele kimoja kifupi, kama cha kazini.

Nakaji akakusanya makopo yake. Matupu. Matupu. Matupu.

Kling.

Nakaji akachungulia. Ndani ya kopo moja kulikuwa na nati moja, ndogo, inang'aa.

Mama akasema asijali. Mafundi wote hubakiwa na nati moja, na usiku hulala vizuri tu.

Nakaji akalitazama kopo. Mafuta ya taa yalikuwa yamefuta nusu ya mchoro. Kilichobaki kilikuwa kitu bapa, chenye miguu minne.

Bibi akavaa miwani akasema huyo ni ng'ombe. Mama akasema ni meza. Nakaji mwenyewe hakukumbuka. Alikichora akiwa na miaka minne, na mtu wa miaka minne ana mambo mengi kichwani.

Akaitoa nati na kuiweka kiganjani. Akaiuliza kwa sauti ndogo:

"Nati, nati, kwenu wapi?"

Nati haikujibu.

Akaijaribu kwenye taa. Ilikuwa kubwa mno.

"Nati, nati, kwenu wapi?"

Akaijaribu kwenye mlango. Ilikuwa ndogo mno.

"Nati, nati, kwenu wapi?"

Akaijaribu kwenye pua ya Bibi, aliyekuwa anasinzia. Bibi akafumbua jicho moja na kusema pale hapana.

Alhamisi asubuhi Mkaguzi akafika. Aliitwa Bwana Mzirai. Alikuwa na kofia, kalamu tatu, na fomu ndefu yenye maswali arobaini na moja.

"Shikamoo," Nakaji akasema. "Kuna nati imebaki."

"Marahaba," akasema Bwana Mzirai. Akaisoma fomu yake kutoka juu hadi chini. Alikuwa mtu wa haki. "Hapa hakuna swali la nati iliyobaki."

Basi akaanza kazi.

Swali la kwanza liliuliza kama gari lipo. Bwana Mzirai akaligusa. Akaandika: Lipo.

Swali la pili liliuliza gari lina magurudumu mangapi. Akayahesabu. Akazunguka upande wa pili, akayahesabu tena. Akaandika: Manne.

Swali la tatu liliuliza rangi. Mama akasema ni rangi ya chai ya maziwa. Bwana Mzirai akauliza, maziwa mengi au kidogo? Wakakubaliana kidogo.

Honi. Piiip. Taa. Mwa, mwa. Breki. Kssst. Bwana Mzirai akaandika, akaandika, akaandika.

Nakaji alimfuata nyuma, nati mkononi.

"Nati, nati, kwenu wapi?"

Wakafika kwenye swali la viti. Mama akamwonyesha kiti cha Bibi. Kwiii, kikageukia mlangoni.

Bwana Mzirai akaisoma fomu mbele. Akaisoma nyuma. Fomu ilijua viti vinavyokaa. Viti vinavyozunguka haikuwa imevisikia.

Akasema itabidi akijaribu mwenyewe.

Akakaa. Kwiii, kiti kikamwingiza ndani. Kwiii, kikamtoa nje. Kwiii, kikamwingiza tena. Akasema ukaguzi mzuri hurudiwa. Kwiii, kikamtoa. Kwiii, kikamwingiza.

Bwana Mzirai akatabasamu. Akajiegemeza.

Kocho.

Kocho-kocho.

BU.

Mgongo wa kiti ukalala chali. Bwana Mzirai akalala nao. Kofia ikaenda nyuma. Viatu vikaenda juu. Fomu hakuiachia.



Bwana Mzirai alitazama juu. Kisha, akiwa pale pale, akasoma swali la thelathini na nane. Liliuliza hali ya dari. Akaandika: Safi.

Bibi akasogea na mkongojo wake, akamwinamia.

"Mzirai," akasema, "hata siku uliyozaliwa nilikukuta hivi hivi. Miguu juu."

Mama akaziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia grisi. Bwana Mzirai akacheka mpaka gari likatikisika.

Lakini alipoinuka, hakucheka tena. Akaokota kofia yake. Akasema kwa masikitiko kwamba kiti hakijafungwa vizuri. Fomu ikishafungwa, haifunguliwi mpaka mwezi ujao.

Mwezi ujao. Na Bibi Nambua alikuwa anatimiza themanini keshokutwa.

Bibi aligeuka akautazama mlima, upande wa Ugweno. Kisha akasema basi atatuma salamu.

Nakaji alikitazama kiti. Kilikuwa kimebaki sehemu ya kukalia tu. Bapa. Mgongo haukuonekana.

Akalitazama kopo. Kitu bapa, chenye miguu minne.

Hapo akakumbuka. Alipokuwa na miaka minne, viti vyote duniani alivichora kama kiti cha jikoni. Miguu minne, na mgongo.

"Mama," akasema, "hii si meza. Ni kiti. Mafuta ya taa yamekifuta mgongo."

Mama akachungulia chini ya kiti. Upande mmoja wa mgongo ulikuwa na nati. Upande wa pili kulikuwa na tundu, na bolti iliyokuwa imechomoka. Nati haikuwepo.

Ilikuwa kwenye kiganja cha Nakaji.

Bwana Mzirai alikuwa ameshafungua kalamu ya tatu, ile ya kufungia fomu.

"Naomba usiifunge," Nakaji akasema. "Imebaki nati moja tu."

Bwana Mzirai akauliza nati moja huchukua muda gani. Mama alijua kwamba nati moja huweza kuchukua wiki nzima. Lakini akachukua spana.

Bwana Mzirai akaisoma tena fomu. Hakuna mahali iliposema asubiri. Hakuna mahali iliposema asisubiri.

Akafunga kalamu.

Mama akauinua mgongo wa kiti na kuirudisha bolti. Akajaribu kupitisha mkono. Mkono wa Mama ulikuwa mkubwa mno. Bwana Mzirai akatoa wake, na huo ulikuwa mkubwa zaidi.

Nakaji akalala sakafuni. Akapitisha mkono wake mdogo. Akaigusa bolti, ya baridi. Akaweka nati.

"Nati, nati, kwenu wapi?"

Nati ikazunguka. Ikaingia. Haikuwa kubwa mno. Haikuwa ndogo mno.

Mama akampa spana. Kwicha. Kwicha, kwicha. Kwicha, kwicha, kwicha. Mpaka ikakataa kwenda zaidi.

"Kwenu hapa," Nakaji akainong'oneza.

Bwana Mzirai akavua kofia na kuiweka mahali salama. Akakaa. Kwiii. Akajiegemeza polepole, jicho moja limefumbwa.

Kimya.

Akajiegemeza kwa nguvu.

Kimya kile kile.

Akachukua muhuri. Akaupumulia, hoo. PU. Kisha akabandika stika kwenye kioo, akailainisha kwa kidole gumba mpaka ikakaa bila hata kiputo kimoja.

Lakini hakuondoka. Aliirudia fomu, akaenda chini kabisa, chini ya swali la arobaini na moja. Kwa kalamu yake nzuri akaandika swali jipya.

La arobaini na mbili: Je, kuna nati iliyobaki?

Akamtazama Nakaji. Nakaji akalipindua kopo, akalitikisa. Hakuna kling.

Bwana Mzirai akaandika: Hakuna.

Jumamosi Bibi akavaa kitenge kipya na viatu vya kutokea. Kwiii, kiti kikamwingiza ndani. Magoti yake hayakulalamika. Bibi akajiegemeza, akasema, "Haya. Twende."

Vrrrrrrr, wakapanda mlima. Vrrrrrrr, wakashuka mlima. Kila walipopita, watu walitoka nje kupunga mkono. Bibi alimwambia Nakaji nani alizaliwa saa ngapi, na nani alilia sana.

Bibi Nambua alikuwa amekaa kivulini, na watu wengi wamemzunguka. Aliposikia injini akainuka kabla hawajafika. Akasema sauti ile anaijua. Gari lile lilikuwa linachelewa tangu zamani.

Dada wawili wakakumbatiana. Baadaye wakaingia ndani ya gari na kufunga mlango. Kwiii. Kwiii. Kwiii. Walikaa humo mpaka keki ikaja kuwaita.

Usiku, nyumbani, Nakaji aliosha miguu na kupanda kitandani. Kopo alilileta pia. Mama akauliza la nini, nalo ni tupu.

Nakaji akalitikisa karibu na sikio lake. Akasikiliza.

Nje, bandani, gari lilikuwa linapoa. Tik. Tik. Tik. Chumba cha pili Bibi alikuwa anakoroma kidogo. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mikono yake inanukia sabuni na grisi.

Kopo lilikuwa kimya.

"Wote wako kwao," Nakaji akasema.

Mama akamfunika shuka mpaka shingoni na kuikunja vizuri pande zote mbili, isichomoke.

Nakaji akalala.