Wati Mia Tano na Makumi Tano

Siku ya soko pale Sake, kwenye njia panda, Callixte aliinua macho toka kwenye meza yake ya kutengeneza ordinateri, yaani kompyuta. Aliona mwanamke wa kitenge cha manjano, mzigo umefungwa mgongoni. Akasogeza kiti upesi.

"Ikala, Mama. Mutoto amelala?"

"Mutoto wa chuma," Valérie alijibu, akafungua kitenge. Ilikuwa ordinateri. "Nimeitoa Kashebere na pikipiki. Nikianza kutengeneza video ya ndoa, inazima."

Callixte aliona haya kwa kuidhani mtoto, na ilimstahili. Alifungua kifuniko, akapuliza vumbi.

"Hii karti grafiki, ya kuonyesha picha, iko mupya?"

"Nilinunua Goma. Niliambiwa iko na nguvu."

"Nguvu iko. Lakini alimentasio yako, hiki kisanduku cha kugawa umeme, inatoa wati mia tatu. Karti na mashini yote zinaomba mia tano na makumi tano. Niachie, nitakutafutia ingine."

Juma lililofuata Valérie alirudi, vumbi mpaka kwenye kope. Bado. Juma la pili, bado. Cha ajabu, kila aliposikia "bado" alikasirika, halafu akafurahi, na hakujielewa hata kidogo. Callixte naye alianza kuvaa shati jeupe kila siku ya soko. Fundi wa mashini na shati jeupe, jamani.

Hata kwenye simu ilikuwa vilevile.

"Alimentasio imepatikana?"

"Bado, dada. Ulikula?"

"Uniambie juu ya mashini."

"Mashini haijakula. Na weye?"

Valérie alicheka, kisha akajiuliza anacheka nini.

Juma la tano alikuta Callixte ameenda kununua mandazi. Alipoketi, mguu wake uligonga boksi chini ya meza. Wati mia tano na makumi tano. Jina la Valérie liliandikwa juu kwa kalamu, na tarehe ya juma la pili.

Callixte alirudi, akasimama na mandazi mkononi.

"Majuma tatu iko hapa?" Valérie aliuliza. "Ndoa mbili zimenipita, Callixte. Wamepatia wengine kazi yangu."

"Niliogopa. Nikiiweka, hautarudia tena Sake. Nakupenda, na nimekukosea."

Mimi naona alistahili kofi. Valérie alingoja tu afunge ile alimentasio, akabeba mashini yake, akaenda. Moyo ulimuuma, na hakujua unauma kwa ajili ya kazi ao ya huyu mwanaume.

Siku nane hakupokea simu zake. Ya tisa alipiga mwenyewe.

"Inatembea. Haijazima hata mara moja."

"Mungu asifiwe. Unisamehe."

"Ningali na kasirani. Lakini leo nilifungua mashini nitafute kitu kibovu, nipate sababu ya kukuja Sake. Kila kitu kiko kizima."

"Basi miye njo nitakuja kwenu."

"Ukuje na baba yako mukubwa, azungumze na Papa wangu. Ukija peke yako, Papa atakuletea redio yake utengeneze."