Achia, Gunvor

Jumamosi ile ya Novemba ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote kijijini kwetu, kaskazini mwa Uswidi. Jirani yangu Torkel alikuwa amelala chali chini ya gari tangu asubuhi, akibadilisha paipu za breki. Chumvi inayomwagwa barabarani kila majira ya baridi kuyeyusha barafu ilikuwa imezila kwa kutu mpaka zikaanza kuvuja, na gari lile alikuwa anampa Ylva, bintiye wa pekee, akaanzie nalo kazi mjini. Duniani humu Torkel hakubakiwa na mtu mwingine.

"Baba, si umwite fundi tu?" Ylva alimwambia walipokuwa wakinywa kahawa.

"Fundi wa nini na mimi nipo? Hebu kafungashe vitu vyako huko."

Paipu mpya zikaingia bila taabu. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, na hiyo ni kazi ya wawili: mmoja kitini akanyage pedali, mwenzake chini afungue nati ndogo ya kutolea upepo kwenye kila gurudumu. Wa kitini haachii mpaka aambiwe. Kwa miaka thelathini wa kitini alikuwa mkewe, Gunvor. Mazoea yana taabu, jamani. Torkel, spana mkononi, mawazo mbali, akaita vilevile alivyozoea:

"Kanyaga!"

Akafungua nati, na mafuta ya breki yakaruka kama pedali imekanyagwa.

Akaganda. Gunvor walimzika mwezi wa nne. Ylva alikuwa ndani anafungasha. Torkel alimsikia akiimba na redio.

Akaifunga nati. "Achia," akanong'ona.

Pedali ikapanda. Aliisikia kwa masikio yake.

Angekimbia! Mtu mwenye akili zake angekimbia. Lakini alikuwa amemkosa mkewe mno, na machozi yalimlengalenga. Akazunguka magurudumu yote manne. Kanyaga. Achia. Kanyaga. Achia. Mwisho akachungulia kitini. Hapakuwa na mtu. Kioo cha dereva tu kilikuwa na ukungu, kwa ndani.

Saa saba mchana Ylva akalijaribu gari getini.

"Eh, breki kali hizi! Haya mzee, nimekuvulia kofia."

Akapunga mkono, akaondoka. Torkel akamsindikiza kwa macho kwenye mteremko unaokwenda kukata reli. Kengele ya reli ikaanza kulia. Gari lilikuwa limeshaingia relini. Lilibakiza kufumba na kufumbua livuke. Torkel hakuliona hilo. Aliona treni tu, na moyo ukampasuka.

"Kanyaga!"

Taa za breki zikawaka. Gari likasimama tuli juu ya reli.

Injini ilinguruma. Gari halikusogea. Taa hazikuzima.

Hapo akaelewa. Akatimka kuteremka, akipiga kelele.

"Achia! Gunvor, achia! Ni mtoto wetu!"

Honi ya treni ikaimeza sauti yake.

Wiki iliyofuata polisi walimwita alitambue gari. Askari alimweleza kwa upole kwamba mguu wa Ylva ulikutwa kwenye pedali ya mafuta, umeikandamiza mpaka chini. Kisha akajikuna kichwa. Betri walishaitoa, alisema, lakini taa moja ya breki imekataa kuzima.

Torkel akapiga magoti pale palipokuwa na mlango.

"Basi, mke wangu. Achia."

Taa ikazima. Pedali ya breki ikapanda taratibu, na juu ya mpira wake palikuwa na alama za vidole vya mguu mtupu, bado zimelowa mafuta ya breki.