Sindano Saba za Kwamboka

Wapo wanaosema majini ni ya pwani, eti huku kwetu milimani baridi ingeyarudisha kabla hayajafika Sondu. Hao hawakulala wodi ya wazazi ya ile dispensari ndogo juu ya Keroka, mwaka wa hamsini na tatu. Na Mzee Nyasani, dresa wa pale, yaani msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, naye alikuwa akisema hivyohivyo.

Ilianza na kitanda. Nesi Aluoch, Mjaluo wa Kendu aliyewazalisha wanawake wa pale miaka minne, asubuhi moja alitaka kutandika kitanda cha tatu. Aliweka mkono juu ya blanketi, akauondoa mbio. Lilikuwa na joto la mtu mwenye homa, na hakuna aliyelilalia tangu Kwamboka afe wiki mbili nyuma.

"Mzee, hebu njoo ushike hapa."

"Ni jua la dirishani," Nyasani akajibu, wala hakushika.

Dirisha lenyewe lilitazama magharibi. Jua la asubuhi lingepitia wapi? Aluoch akaenda kuchemsha sindano zake.

Sasa nikwambie Kwamboka alikuwa nani. Alikuwa mke wa Ogari, mwana wa Nyasani aliyechuma chai Kericho. Mimba ilipofika miezi saba alishikwa na homa, na mkojo ukawa unamchoma. Daktari aliyekuja kila Jumatatu kutoka Kisii akamwona, akasema ana vijidudu ndani vinavyoweza kumuua siku ya kujifungua. Akaandika penisilini: sindano saba, moja kila siku, matakoni, zisikatizwe hata siku moja. Aluoch akamchoma mbili. Siku ya tatu akaletewa habari ya msiba kwao, akaondoka.

Akabaki Nyasani peke yake, na hapo ndipo penye ubaya. Mgusii ana chinsoni, ile heshima kali iliyo kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Haingii anapolala, hamtazami mwili, hata mkono hawapeani. Sembuse kumfunua makalio amchome sindano! Afadhali afe. Lakini hakufa yeye.

Angeweza kutuma mtu Kisii aombe nesi. Angeweza kusema tu, kazi hii siiwezi, huyu ni mke wa mwanangu. Nani angemcheka? Mtu yeyote wa huku angemwelewa. Lakini mzee alikuwa na kiburi cha koti jeupe, hakutaka daktari ajue kuna kazi inayomshinda. Basi kila asubuhi alisimama nje ya mlango akaita, "Homa imepungua?" Naye Kwamboka, mwenye haya zake, alijibu kutoka ndani, "Imepungua, tatabiara," maana hivyo ndivyo mke amwitavyo baba wa mumewe. Nyasani akaandika kwenye kadi: sindano ya tatu, ya nne, mpaka ya saba. Dawa aliimwaga nyuma ya choo. Kisha akamruhusu aende nyumbani.

Siku ya kujifungua homa ilirudi kwa hasira. Aluoch, aliyekwisha kurudi kutoka msibani, alimchoma penisilini asubuhi na jioni, ikawa kama anamchoma maji. Mtoto alitoka amekufa, na mama akamfuata siku ya nne. Wanawake wawili wa vitanda vya jirani wakashikwa na homa ileile, na mmoja wao akafa pia. Daktari alipokuja alikuwa amekasirika. Alisema vijidudu vya Kwamboka vimezoea dawa: vilipigwa kidogo vikaachwa hai, vikajifunza.

"Nani alikatiza sindano?" akauliza.

"Ni yeye mwenyewe," Nyasani akasema, macho makavu. "Alikuwa akizitoroka. Niliandika saba ili nimfichie, ni mtu wa nyumbani."

Ee, mtu huyu! Kaburi lilikuwa halijaota hata nyasi. Maneno yakafika sokoni kabla ya jioni: Kwamboka mkaidi amewaua wenzake. Ogari akaja kutoka Kericho, akasimama juu ya kaburi la mkewe, akamtukana mbele ya watu. Kesho yake ndipo kitanda cha tatu kikapata joto.

Baada ya hapo ikawa kila alasiri, saa tisa, mvua inapoanza kupiga mabati. Kwanza harufu ya damu ya uzazi iliyooza, hata sakafu ioshwe mara ngapi. Kisha sauti ndani ya kabati la dawa, nalo limefungwa kwa kufuli: ti, ti, ti, sauti ya ukucha ukigonga bomba la sindano kutoa hewa. Aluoch aliihesabu. Iligonga mara saba, ikanyamaza.

Katika siku hizo Persis, binti wa pekee wa Nyasani, akaja kutoka Masimba alikoolewa ili ajifungulie dispensarini kwa baba yake. Alizaa salama mtoto wa kike. Siku ya pili mwili ukawaka. Aluoch akachoma penisilini, akachoma tena, na homa haikushuka hata kidogo. Alasiri, mvua ilipoanza, Persis akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Imepungua, tatabiara."

Aluoch akamshika mkono mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamvuta barazani. "Mzee, ulimfanya nini Kwamboka?" akanong'ona. "Niambie, mtoto wako anakufa!"

Nyasani hakumwambia. Yeye, mzee wa kanisa aliyehubiri kila Sabato dhidi ya waganga, akapandisha kola ya koti akaenda kwa mama mmoja mwaguzi kule Kiogoro. Yule mama hakuagiza mbuzi wala kuku. Alimtazama kwa chuki tupu.

"Umempaka mtu matope akiwa hawezi kujitetea," akamwambia. "Msafishe. Sema yote, mchana, mbele ya wanawake wa wodini na mbele ya mumewe. Yote, umenisikia? Ukibakiza, usirudi hapa kuniuliza."

Kesho yake Nyasani akawaita wanawake, akamwita na Ogari, aliyekuwa hajarudi Kericho. Akakohoa. "Kulikuwa na kosa," akasema. "Sindano moja au mbili hivi huenda tulizisahau sisi, kazi ilikuwa nyingi." Basi. Hata kukiri alikiri nusu! Na jioni ile, ajabu, homa ya Persis ikashuka. Akanywa uji, akamnyonyesha mtoto, akacheka na Aluoch. Nyasani akaimba wimbo wa kanisani akirudi nyumbani, akidhani ameponea hapo.

Alasiri iliyofuata homa ilirudi maradufu. Mvua ilinyesha kwa vishindo, harufu ikajaa wodini hata wanawake wakaziba pua kwa leso, ti ti ti ikatoka kabatini, ikatoka dirishani, ikatoka chini ya kitanda cha Persis, haikuhesabika tena, na Nyasani akaanguka magoti sakafuni kati ya vitanda, akalia, akasema kila kitu, jinsi alivyosimama nje ya mlango, jinsi alivyoandika sindano tano zisizochomwa, jinsi alivyomwaga dawa nyuma ya choo, na jinsi alivyomsingizia marehemu mbele ya daktari, akataja siku baada ya siku mpaka sauti ikamkauka, na Ogari akiwa amesimama mlangoni, maji ya mvua yakimtiririka, akimsikiliza baba yake. Hakuacha hata neno moja. Safari hii alisema yote.

Sauti ikakoma kabatini. Persis akaketi kitandani, taratibu, akamtazama.

"Nimesikia," akasema kwa ile sauti. "Jana ungesema hivyo ningeondoka, haki ya Mungu ningeondoka. Lakini jana ulinionjesha nusu, na nusu yako nimeizoea. Leo maneno yako hayaniumi."

"Nichukue mimi! Kwamboka, nakusihi, nichukue mimi!"

"Wewe nakuacha," ikajibu, bila haraka. "Wewe kaa."

Persis alilala tena, na kabla mvua haijakatika alikuwa amekufa. Ogari aligeuka akaondoka kwenda kaburini kwa mkewe, hakumuaga baba yake, na hakukanyaga tena boma lile. Kichanga kilikuwa kizima, kikilia kwa njaa. Nyasani akanyoosha mikono apewe mjukuu wake. Aluoch akampokeza mtoto mwanamke wa kitanda cha pili, naye akampa wa kitanda cha nne, na kila mmoja wao akamgeuzia mzee mgongo.