Vipimo vya Sare za Kwaya

Kila nikitoka shule hupitia kwenye karakana ya ushonaji ya mama, nikala chakula changu karibu na meza ya pasi, kisha nikaokota pini sakafuni. Humo wamo mafundi wawili ambao hawapikiki chungu kimoja.

Mkubwa tunamwita Babu Mkasi. Alianza kushona kabla mama hajazaliwa, na vipimo huvihifadhi kichwani. Mwenzake ni fundi kijana, Dada Simu, ambaye hata kifungo lazima akipige picha. Babu akisema kitambaa humwambia mambo kwa vidole, Dada hujibu, “Basi kikikuambia, Babu, nitumie ujumbe!” Mama huwacheka tu.

Safari hii hakucheka. Kwaya ya shule yetu iliagiza suruali ishirini na nne za mashindano ya Jumamosi. Mimi ndiye niliyewapima wenzangu darasani, na nilijigamba kweli kweli. Dada aliingiza vipimo kwenye simu, Babu akakata, wakashona. Jumatano mwimbaji wa kwanza alipojaribu yake, ilimporomoka hadi magotini. Zote kumi na mbili zilizokuwa tayari zilipwaya.

“Macho yamechoka, Babu,” alisema Dada. “Umekata pana.”

“Nimekata ulichoniandikia! Hicho kidude chako ndicho kimekosea.”

“Nyamazeni!” mama alifoka. “Nikimjua aliyeharibu, leo ndiyo siku yake ya mwisho hapa.”

Babu aligeuka kumpima mteja aliyekuwa akingoja. Tepu yake ilionyesha inchi thelathini na tatu. “Thelathini,” akasema.

Nilisogea karibu. Ile ndiyo tepu niliyoichukua kwenye droo yake bila kuomba, nikaenda kuwapimia wenzangu. Niliitazama vizuri: mwanzo wake ulikuwa umekatika, ikaanzia inchi ya tatu. Babu huondoa tatu kichwani. Mimi sikuondoa.

Nawapenda wote wawili, lakini kwa dakika nzima nilijipenda mwenyewe zaidi. Kisha nikamwona Dada akikusanya vitu vyake, akidhani lawama itamwangukia yeye. Nikapiga moyo konde.

“Mama, ni mimi,” nikasema, na nikaeleza yote.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Dada alishika simu, na kufumba na kufumbua, inchi tatu zikaondolewa kwenye kila kipimo cha orodha. Babu alizigeuza suruali. “Afadhali zimepwaya. Zingebana, tungelia.” Akamwonyesha Dada mahali pa kupunguza nyuma bila kugusa mifuko.

“Hapa sikupajua,” Dada alikiri.

“Nami ningehesabu hadi kesho,” Babu akasema, akichungulia simu.

Ijumaa mchana suruali zote zilikuwa tayari. Mama aliniketisha kando yake.

“Mwanangu, kosa la kwanza ni kuchukua bila kuuliza. Ungeuliza, Babu angekuambia. Watu wa rika tofauti wakifanya kazi pamoja, kila mmoja ana jambo analolijua yeye tu. Usipouliza, unalikosa. Na ukikosea ukanyamaza, anaumia asiye na hatia. Umefanya vyema kusema.”

Kisha akawageukia mafundi wake. “Nanyi niwieni radhi. Nilitafuta wa kumfukuza kabla ya kulitafuta kosa.”

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akiomba radhi mbele yangu. Siku ile nilimheshimu mama kuliko siku zote.