Shoti Aliyoificha Sarwono

Jirani zangu, sikilizeni yaliyompata Sarwono wa mji wa Salatiga, kule Indonesia, karani mstaafu aliyeishi na mkewe Lastri kwenye nyumba yenye raha. Lastri alipika vyakula vya harusi, na mumewe akavipeleka kwa gari lao la bluu huku akiimba kwa sauti mbaya ambayo mtaa mzima ulishaizoea.

Jumapili moja Lastri akiwa sokoni, Sarwono aliamua kufunga honi mpya, yenye mlio kama wa basi la mikoani. Fundi hakumwita, wala waya wa betri hakuuchomoa. Waya wa honi ukamponyoka, ukagusa bodi la gari. Pah! Cheche ziliruka, na yeye akaruka kinyumenyume akakalia beseni la nguo. Alipowasha gari, liliwaka, lakini lilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Gari lina nini?" Lastri aliuliza jioni.

Sarwono aliona haya. Mkewe alishamkataza mara tatu kuchezea nyaya. "Muulize mdogo wako Gatot," akasema. "Si yeye aliyeliazima jana? Sijui kalitia mafuta gani."

Kumbe neno dogo hilo lilitosha kuvunja udugu! Gatot aliapa kwamba hajui lolote, akanuna, akaacha kuja kula kwa dada yake. Sarwono akabaki akicheza karata peke yake.

Walilipeleka gari kwa fundi Menik, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi.

"Lilianzaje, mzee?"

"Lilianza tu."

"Hakuna aliyegusa mambo ya umeme?"

"Nani aguse?"

Menik akabadilisha plagi, akasafisha tangi, akakuna kichwa. Gari likaendelea kumisi, injini ikikatakata mlio.

Ikafika siku ya harusi kule Kopeng, kijiji cha mlimani. Walipakia maboksi mia mbili ya wali na kuku, wakaanza kupanda mlima. Katikati ya mwinuko injini ikakohoa, ikazima. Lastri alishuka akaketi kando ya barabara. Hakugomba. Alijifuta macho kwa aproni, basi. Laiti angegomba! Sarwono alishindwa kuvumilia, akatoa simu.

"Gatot, shemeji yangu, nilikusingizia. Ni mimi. Nilipiga shoti nikifunga honi."

Gatot akaangua kicheko kikubwa. "Honi? Wewe, ambaye hata balbu inakushinda? Mko wapi, nakuja na pikapu."

Lastri alikuwa amesikia kila neno. Alimkazia macho mumewe. "Wiki nzima umeniacha nimkasirikie mdogo wangu?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa utanicheka."

Gatot alifika, wakahamisha maboksi huku Sarwono akiwasimulia yote hadi beseni, kisha Lastri na Gatot wakatangulia na chakula kabla wageni hawajaketi. Punde Menik, ambaye Gatot alimpigia simu na kumweleza, akatokea kwa pikipiki.

"Shoti!" alipiga kelele. "Mzee, ungenitamkia neno hilo moja tu!" Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa moja, akaiinua juani. Ilikuwa imeungua. "Hii inapeleka umeme kwenye kifaa kinachopima hewa ya injini. Bila hiyo, injini inavuta pumzi kwa kubahatisha." Akaziba waya uliobabuka, akaweka fyuzi mpya. Injini ikanguruma laini, na Sarwono nusura ambusu fundi mikono.

Aliwakuta mkewe na shemeji yake harusini. Gatot alikuwa anawaigizia wapishi jinsi shemeji yake alivyokalia beseni, na Lastri anacheka hadi anashika mbavu.

"Leo masufuria yote utaosha wewe," akamwambia mumewe.

"Yote?"

"Na ya jirani."

Sarwono akakunja mikono ya shati, akaosha huku Gatot akimsuuzia.

FUNZO

Ndugu zangu, kukosea si aibu. Kilichoiumiza nyumba hii si cheche, ni kosa kufichwa na kutwikwa mtu mwingine. Ukiharibu, sema mapema, tena sema ukweli wote kwa fundi na kwa wako wa nyumbani. Utachekwa siku moja, lakini utakula na ndugu zako siku zote.